Usianze na Miche: Hatua Tisa za Kuirudisha Ardhi ya Saza

Wengi wanaujua Mkoa wa Songwe kwa foleni ya malori Tunduma, mpakani na Zambia. Saza iko upande mwingine kabisa, katika Wilaya ya Songwe, ambako ardhi inashuka kuelekea Ziwa Rukwa. Huku ni nchi ya joto, ya miombo na ya dhahabu. Uchimbaji wa uwanda wa Lupa ulishika kasi miaka ya 1920. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi tangu 1939 hadi 1956, na mwaka 2012 mgodi wa New Luika ukaanza kuzalisha dhahabu jirani. Kando ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, wakulima wa mahindi na ufuta, na wafugaji waliohamia bonde la Rukwa na makundi yao ya ng'ombe.

Wote hao wanakula kwenye ardhi ileile. Duara, yaani shimo la mchimbaji, linataka matimba ya kushikilia kuta zake. Mama lishe anataka kuni na mji unataka mkaa. Shamba jipya linataka msitu ufyekwe, na palipolimwa tumbaku, bani la kuikaushia nalo linataka magogo. Mvua hapa ni za msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili hivi. Zikikuta ardhi iko wazi, zinaubeba udongo hadi mitoni na kuushusha Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutoa maji nje. Udongo ukifika huko ndiyo umefika.

Kuenea kwa jangwa, basi, hakumaanishi mchanga unaotembea kutoka Sahara. Kunaanza na kipara cha ardhi nyuma ya zizi, kinachofuatiwa na mfereji mdogo, kisha korongo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1994 kuhusu jambo hili unahesabu humo hata nchi kavu kiasi zinazopata mvua ya msimu.

Mwongozo huu ni kwa kitongoji, kikundi au serikali ya kijiji inayotaka kuanza kazi bila kungoja mradi. Msimamo wake ni mmoja: usianze na miche. Anza na makubaliano, kisha visiki vilivyo hai, kisha maji ya mvua. Miche ije mwisho, mahali ambapo ardhi yenyewe imeshindwa kuotesha.

Hatua ya 1: Tembeeni ardhi yenu (Mei hadi Juni)

Mavuno yakiisha, kusanyeni watu kumi hadi kumi na watano: mkulima, mfugaji, mchoma mkaa, mwenye duara, mama anayeteka maji na kuokota kuni, kijana, na mzee anayekumbuka msitu ulipoishia zamani. Mwombeni afisa ugani na afisa maliasili waambatane nanyi. Anzeni kwenye kilima cha juu kabisa mshuke hadi mtoni, maana maji nayo hupita njia hiyo.

Andikeni mambo matano: makorongo yanapoanzia, ardhi iliyobaki kipara, visiki vinavyochipua, njia za mifugo, na mashimo ya dhahabu yaliyoachwa. Chukueni picha kwa simu mkiwa mmesimama penye alama isiyohama, kama mbuyu au jiwe kubwa. Picha hizo zitahitajika mwakani. Mkirudi, choreni ramani chini kwa fimbo kila mtu aione na kuisahihisha, kisha inakiliwe kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Kubalianeni mkutanoni (Juni)

Hapa ndipo kazi nyingi hufa au kupona, na historia ya nchi yetu inatoa mifano miwili.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika kwa mmomonyoko, lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yalirudi. Lakini amri ilitoka juu, na ng'ombe waliohamishwa walipeleka mzigo kwingine.

Mkoani Shinyanga mambo yalikwenda tofauti. Baada ya Mwalimu Nyerere kuuona ukame wa mkoa huo mwaka 1984, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986. Nao mwanzoni ulijikita kwenye vitalu na miche. Ulipogeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi, na kupitia mikutano ya jadi ya dagashida, kazi ikapamba moto. Kutoka hekta 600 hivi zilizokuwa zimesalia mwaka 1986, ngitili zilienea hadi zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Somo ni kwamba sheria inayotoka kwa watu wenyewe hulindwa nao. Fanyeni hivi:

1. Kwenye halmashauri ya kijiji, pendekezeni maeneo ya kilimo, malisho, msitu, uchimbaji na vyanzo vya maji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 zinakipa kijiji nguvu hiyo.
2. Pelekeni mapendekezo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana sauti. Chagueni saa ambayo wanawake na wachimbaji wanaweza kufika.
3. Tungeni sheria ndogo chache zinazotekelezeka: nani anaruhusiwa kukata nini, mifugo inaingia wapi na lini, na faini ni nini. Zikipitishwa na mkutano mkuu, zipelekwe halmashauri ya wilaya ziidhinishwe. Bila idhini hiyo, faini mnayotoza itapingwa.
4. Kama kijiji bado kina miombo, ombeni kuutangaza kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Mkiutangaza, kijiji ndicho msimamizi, na mapato ya mavuno halali yanaweza kubaki kijijini.

Msisahau kanuni ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Wekeni alama za mawe ili mpaka uonekane kwa macho.

Hatua ya 3: Amsheni visiki (Juni hadi Oktoba)

Shamba lililofyekwa Saza si shamba lisilo na miti. Chini yake kuna mizizi hai ya miombo, mninga, mgunga au mkwaju, na kila masika inachipua, na kila msimu wa kulima inafyekwa tena. Mbinu ya kuiacha ikue inaitwa Kisiki Hai, na imeenezwa sana mkoani Dodoma na taasisi ya LEAD Foundation. Nchini Niger, wakulima waliofuata njia hiyo tangu miaka ya 1980 wamerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5, bila vitalu.

Mahitaji ni panga kali au mkasi wa kupogolea, na vipande vya kitambaa cha rangi.

1. Chagua. Tafuta kisiki chenye machipukizi mengi. Acha matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu.
2. Pogoa. Kata machipukizi mengine karibu na kisiki. Kwenye uliyoyaacha, ondoa matawi ya pembeni kwenye nusu ya chini. Kata kutoka chini kwenda juu ili ganda lisichanike.
3. Weka alama. Funga kitambaa kwenye shina. Mpita njia na mchungaji wajue kisiki hiki kina mwenyewe.
4. Linda. Rudi kila baada ya miezi michache uondoe machipukizi mapya. Matawi uliyokata ni kuni zako za kwanza.

Mkulima wa mahindi aanze na visiki kumi na tano hadi ishirini kwa ekari, vilivyotawanyika ili kivuli kisizidi. Baada ya miaka miwili au mitatu, vuna shina moja moja kwa ajili ya fito na kuni, ukiacha bora zaidi likue. Kumbuka kwamba mninga ni mti unaolindwa kisheria. Kupogolea si tatizo, ila kabla ya kuuangusha kwa ajili ya mbao pata kibali, hata kama umeota shambani kwako.

Hatua ya 4: Tengeni ngitili (kabla ya mvua za Novemba)

Katika vikao vingi vya bonde la Rukwa, mfugaji huketishwa upande wa washtakiwa. Mketisheni upande wa walimu. Wasukuma wengi waliohamia huku walikulia kwenye ngitili, na wengine wamewahi kuzilinda. Wanaijua kanuni: eneo linafungwa mvua zinapoanza, nyasi zinakua na kutoa mbegu, na linafunguliwa kiangazi kinapokaza, kuanzia Julai au Agosti, kwa zamu.

Anzeni na eneo dogo mnaloweza kulilinda. Ekari 20 zilizofungwa kweli ni bora kuliko 500 za kwenye makaratasi. Ligaweni sehemu mbili au tatu na mfungue moja kila mara. Wekeni walinzi wa zamu kutoka kaya zenye mifugo, maana nyasi ni mali yao.

Pale ardhi iliposhindiliwa na kwato hadi maji hayaingii, chimbeni matuta ya nusu mwezi. Kila moja liwe na upana wa mita 4 hadi 5 na kina cha sentimita 20 hadi 30, mdomo ukielekea juu ya mteremko ili upokee maji. Safu ya pili ikae kwenye nafasi za safu ya kwanza. Tupieni mbegu za nyasi za asili mvua za kwanza zikinyesha.

Jambo la mwisho na gumu ni mabua. Baada ya mavuno, mifugo huingia mashambani na mbuzi humaliza machipukizi ya Kisiki Hai. Kubalianeni tarehe ya kuingia, mashamba yasiyoguswa, na njia ya kupitisha ng'ombe kwenda majini. Mkulima akipata samadi na mfugaji akipata mabua, makubaliano hayo yatadumu.

Hatua ya 5: Yazuieni maji shambani (Agosti hadi Oktoba)

Kwanza tafuta usawa wa ardhi. Macho hudanganya, kwa hiyo tumia fremu A. Chukua fito mbili za mita 2 zilizolingana, zifunge pamoja juu, kisha ufunge fito ya tatu katikati kwa ulalo. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha fremu, uweke alama uzi unapogusa fito ya ulalo. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Tembeza fremu kwa kuvuka mteremko, ukipiga kigingi kila mguu unapotua uzi ukiwa katikati.

Mkishapata mstari, chagueni mojawapo ya mbinu hizi mbili.

Fanya juu. Chimba mtaro wenye upana na kina cha sentimita 60 hivi kufuata vigingi, ukitupia udongo upande wa juu. Acha kingo ya shubiri moja hadi mbili kati ya mtaro na tuta, udongo usirudi. Panda mabingobingo au nyasi nyingine juu ya tuta. Mstari unaofuata uwe pale ardhi iliposhuka kimo cha kiuno cha mtu. Kwenye mteremko mkali mistari itakaribiana. Mbinu hii ilisaidia sana kuziokoa ardhi za Machakos, Kenya.

Mashimo ya Chololo. Haya yametoka kijiji cha Chololo, Dodoma, na yanafaa ardhi isiyo na mteremko mkali. Kila shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Acha sentimita 60 kati ya mashimo na 90 kati ya mistari. Weka majivu kidogo ya kufukuza mchwa, kisha samadi na masalia ya mazao. Rudisha udongo kiasi, ukiacha nafasi ya maji kutuama. Panda mbegu moja au mbili za mahindi au mtama. Ekari nzima inabeba takriban mashimo 7,500, kwa hiyo usijitwike mzigo wote: anza na robo ekari mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hutachimba upya.

Hatua ya 6: Zibeni makorongo (Agosti hadi Oktoba)

Korongo haliponi kwa kujazwa takataka mdomoni. Maji yanayolichimba yanatoka juu, basi kazi inaanzia juu.

1. Kata maji kabla hayajafika kichwa cha korongo. Chimba mtaro mfupi wa kuyaelekeza kwenye nyasi au msitu, kamwe si kwenye shamba la jirani.
2. Jenga vizuizi vya mawe ndani ya korongo, visizidi mita moja kwa kimo. Chimbia mawe kwenye kuta za pande zote mbili, vinginevyo maji yatazunguka. Katikati pawe chini kuliko pembeni, maji yapite hapo.
3. Tandaza mawe chini ya kizuizi, pale maji yanapoangukia, yasichimbe msingi.
4. Panga vizuizi hivi kwamba kitako cha kile cha juu kilingane na kimo cha mdomo wa kile cha chini.
5. Panda mkonge, minyaa na nyasi kwenye kingo. Funga njia ya ng'ombe inayopita humo.

Kazi hii inataka mikono mingi. Kila kaya ipewe ngwe yake, iandikwe kwenye daftari la kitongoji, na mwenyekiti aanze na ya kwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mfereji unaouruka leo kwa hatua moja, masika mbili tatu zijazo utahitaji daraja.

Hatua ya 7: Waingizeni wenye maduara na wachoma mkaa (mwaka mzima)

Mpango wa ardhi usiomtaja mchimbaji hautafika mbali Saza. Leseni humpa mtu haki ya madini. Haimwondolei wajibu wa mazingira. Mwiteni mwenye leseni mkutanoni na kubalianeni haya:

Udongo wa juu, ule mweusi, utengwe peke yake kabla ya kuchimba, usichanganywe na kifusi. Duara likiisha, kifusi kirudi kwanza na udongo mweusi uwe juu yake. Shimo lisilofukiwa bado lizungushiwe uzio wa miiba, maana humeza ng'ombe na watoto. Matimba yatoke kwenye eneo lililoruhusiwa, na mwenye duara achangie ulinzi wa msitu au alipe siku za kazi. Mialo na mashine za kuchenjua zikae mbali na mto.

Marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuchenjua, yaliyopitia zebaki au sainaidi yasipandwe mchicha wala mboga yoyote, na mifugo isinywe maji yake. Mkiona yanamwagika, toeni taarifa kwa ofisi ya madini na kwa afisa mazingira wa wilaya siku hiyohiyo.

Kwa mkaa, jifunzeni Kilosa. Tangu 2012 vijiji vya huko vimepima misitu yao na kutenga sehemu ndogo ya mkaa, vikivuna vipande vya mita 50 kwa 50 vilivyopishana kama miraba ya ubao wa drafti, kwa mzunguko wa miaka 24. Miti hukatwa, visiki having'olewi, na miombo huchipua yenyewe. Kijiji hutoza ushuru wake. Bila utaratibu wa namna hiyo, mchoma mkaa ataendelea kukata usiku, nanyi mtaendelea kumfukuza mchana.

Hatua ya 8: Uwahini moto (Mei hadi Oktoba)

Moto mmoja wa Septemba unaweza kufuta kazi ya miaka mitatu, ukala machipukizi na nyasi za ngitili kwa mchana mmoja. Fyekeni njia ya moto yenye upana wa mita 5 hadi 10 kuzunguka msitu na ngitili mwezi Mei au Juni. Pale inapobidi kuchoma nyasi, fanyeni mapema zikiwa bado na unyevu, jioni, kwa kibali na chini ya usimamizi wa mtaalamu wa misitu. Wawindaji, warina asali na wasafisha mashamba wajulikane kwa majina. Warina asali wakipewa mizinga ndani ya msitu wa kijiji, watakuwa walinzi wake wa kwanza.

Hatua ya 9: Sasa pandeni, kisha kagueni (Novemba, na kila Juni)

Mkishatekeleza yote hayo, mtaona sehemu ambazo hakuna kisiki wala mbegu: kifusi cha zamani, uwanja wa shule, kingo za njia. Huko ndiko miche inakostahili. Pandeni ile mnayoweza kuitunza, mvua zikishashika na udongo ukiwa umelowa kwa kina cha kiganja na zaidi. Changanyeni ya asili kama mkwaju, ulioupa mji wa Mkwajuni jina lake, na ya matunda karibu na nyumba. Kila mche uwe na mtu wake.

Tarehe 17 Juni ni siku ya dunia ya kupambana na kuenea kwa jangwa, na kwa Saza inaangukia vizuri: mavuno yamekwisha, nyasi hazijakauka kabisa. Ifanyeni siku ya ukaguzi. Rudini kwenye alama zilezile, pigeni picha zilezile, hesabuni visiki vyenye vitambaa, pimeni kina cha makorongo, na msome hadharani faini zilizotozwa na zilikokwenda. Fedha isiyosomwa hadharani huua kamati haraka kuliko ukame.

Msitegemee kuona msitu mwaka wa kwanza. Mtaona nyasi. Mwaka wa tatu mtakata fito kutoka mashambani mwenu badala ya kwenda kuzitafuta mbali. Mradi wa Shinyanga ulikwenda hadi 2004, miaka 18, na kazi kubwa ilifanywa na kaya zenye majembe na panga zilezile mlizo nazo.

Basi mkutano wa kitongoji ukiitishwa, omba ajenda moja tu: "Nani atatembea nasi hadi kwenye kichwa cha korongo, na siku gani?" Siku ikipatikana, hatua ya kwanza imeanza.